Chokoleti ni pipi au sio pipi? Maswali yenu kuhusu vitu vitamu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba chokoleti nayo ni pipi, nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimewasha moto. Meseji zimekuja nyingi mno, wengine wanakubali, wengine wamekataa katakata, na kuna watu wawili huko ofisini kwao naona karibu waache kusalimiana. Basi safu yote ya mwezi huu nimewaachia nyie. Maswali nimeyafupisha kidogo maana mengine yalikuwa marefu kama barua ya posa.

SWALI: Dada shikamoo. Mi nasema pipi ni ile ngumu ya kumumunya, imefungwa kwenye karatasi, basi. Mwenzangu kazini anasema chochote chenye sukari unachokula nje ya chakula ni pipi, chokoleti imo, tofi imo, jeli imo. Tumewekeana dau la chai ya mwezi mzima. Nani kashinda? (Mbishi wa meza ya tatu)

JIBU: Marahaba kaka. Kabla sijagawa chai niambie kwanza mnabishana kwa lugha gani, maana jibu linabadilika kabisa ukitoka lugha moja kwenda nyingine. Kwa Mmarekani neno candy limebeba vyote, chokoleti, pipi ngumu, tofi, jeli, hata njugu zilizovikwa sukari, kwa hiyo huko mwenzako angeshinda asubuhi na mapema. Nenda Uingereza, wao wanasema sweets, na wengi wao chokoleti wanaiweka pembeni, utawasikia wanasema "sweets na chokoleti" kama sisi tunavyosema chai na kahawa, vitu viwili vinavyokaa pamoja ila si kitu kimoja. Australia ndo wana neno lao jingine tena, lollies. Na hao wote wanaongea Kiingereza hichohicho kimoja!

Ukitoka hapo ndo mambo yanazidi. Kihispania caramelo ni ile ngumu ya kwako wewe, na bombón ni ya chokoleti, hawachanganyi. Brazil pipi inaitwa bala, neno hilohilo la risasi ya bunduki, na ya chokoleti inakuwa bombom. Warusi wanasema konfety, na humo chokoleti ndogondogo zilizofungwa kwenye karatasi zimo bila ubishi wowote. Wafaransa wana bonbon, yaani wamechukua neno bon la "nzuri" wakalirudia mara mbili kama mtoto anayejifunza kuongea, kama sisi tunavyosema vitamutamu, halafu kazi zenyewe wamezitenganisha, anayetengeneza bonbon ni fundi mmoja, wa chokoleti ni fundi mwingine, wa keki ni mwingine tena, na kila mmoja ana jina la kazi yake na heshima yake.

Sasa turudi kwetu. Ukisema "pipi" watu wengi wanaona ile ngumu, hapo uko sawa. Lakini chukua neno peremende, hili limetoka kwenye peppermint, yaani mwanzo ni ile ya mnanaa peke yake, na leo kuna watu kibao ambao kwao peremende ni pipi ya aina yoyote ile, hata ya ndizi. Jina la mmoja limegeuka jina la ukoo mzima. Na tukisema tuamue kwa neno "tamu" ndo tumepotea kabisa, maana sisi tunasema nyama tamu, usingizi mtamu, sauti tamu, hadithi tamu, utamu wetu haujawahi kuishia kwenye sukari.

Kwa hiyo naona hivi: kwenye neno umeshinda wewe, kwenye kitu chenyewe kashinda mwenzako. Mi kipimo changu ni kwamba kitu kiwe kidogo, kiliwe kwa mkono, nje ya mlo, na mtu asikitegemee kumshibisha, sijawahi kumsikia mtu anasema nimeshiba pipi. Chokoleti inapita hapo vizuri kabisa. Chai gawaneni wiki mbili mbili, na kesho asubuhi uanze wewe kumsalimia.

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 nimemkatalia pipi siku za shule. Juzi nimemkuta na ile chokoleti yenye biskuti ndani, nikamuuliza, akanijibu "mama hii sio pipi, hii ni biskuti." Nilikosa la kusema. Nimpe adhabu au nimsifu? (Mama Wawili)

JIBU: Mama Wawili, mtoto wako amesema kitu ambacho sheria ya kodi ya majimbo kadhaa ya Marekani inakubaliana nacho neno kwa neno. Kuna makubaliano ya kodi ya mauzo ambayo majimbo mengi yaliingia, na ndani yake pipi imeelezwa kwamba ni sukari au asali au kitu chochote cha kutia utamu, kimechanganywa na chokoleti, matunda, njugu au ladha nyingine, kikatengenezwa kuwa mche, tone au kipande. Halafu wakaongeza masharti mawili, isiwe na unga na isihitaji kukaa kwenye friji. Basi! Hilo neno unga ndo linakata kila kitu. Kit Kat na Twix zina unga wa ngano kwenye ile biskuti ya ndani, kwa hiyo huko kisheria sio pipi, ni chakula cha kawaida, wakati mche wa chokoleti tupu wa Hershey uliokaa pembeni yake kwenye rafu hiyohiyo ni pipi na unatozwa kodi ya pipi. Illinois walianza kutumia mpaka huo wa unga mwaka 2009. Ukitaka kujua kama kitu ni pipi unageuza karatasi unasoma viungo, macho na ulimi havina kazi hapo.

Waingereza nao wana kesi yao maarufu ya mwaka 1991 kuhusu Jaffa Cakes, ile ya duara yenye jeli ya chungwa na chokoleti juu. Kwao keki haina kodi ya ongezeko la thamani ila biskuti iliyopakwa chokoleti inayo, sasa hii ni keki au biskuti? Jopo likaangalia ukubwa wake, likaangalia inavyofungashwa, inavyouzwa, inavyotafunika, na kitu kilichonivutia mimi kuliko vyote ni hiki: keki ikichacha inakuwa ngumu, biskuti ikichacha inakuwa laini. Fanya mwenyewe uone, acha vyote viwili mezani siku tatu bila kufunika halafu bonyeza kwa kidole. Jaffa Cakes zikichacha zinakuwa ngumu. Wakasema ni keki, kwa hiyo isitozwe kodi hiyo.

Na sheria yao hiyo inahesabu kama pipi hata chakula chochote kilichotiwa utamu ambacho kwa kawaida kinaliwa kwa vidole, ndo maana wakaja kugombana tena kuhusu mashimelo makubwa, zile laini kama sifongo, za kuchoma kwenye moto. Mwaka 2022 jopo lilisema hizo sio pipi kwa sababu zimeuzwa kwa ajili ya kuchomwa, watu wa kodi wakakata rufaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na swali lililobaki mezani likawa je, kwa kawaida watu wanazila kwa vidole au hawazili kwa vidole? Ireland nao mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkate wa Subway, wale wauza sandwichi, hauwezi kupata msamaha wa kodi wa mkate wa kila siku, kwa sababu sheria inaruhusu sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga, na wa kwao ulikuwa na asilimia 10. Mkate ni mkate mpaka sukari izidi, chokoleti ni pipi mpaka unga utokee.

Sasa nije kwa mwanao, maana hilo ndo ulilouliza. Usimpe adhabu, kafikiri vizuri. Ila mwambie ukweli kwamba jino halisomi viungo kwenye karatasi. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari wanatoa asidi, na asidi inatafuna jino, iwe imetoka kwenye pipi, kwenye biskuti au kwenye juisi. Tena kinachoharibu zaidi ni ile inayonata na inayoliwa kidogo kidogo mchana kutwa. Hili tunalijua kwa njia ambayo mimi inaniuma kila nikiikumbuka. Miaka ya 1940 huko Vipeholm, Sweden, kwenye hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili, wagonjwa walilishwa tofi za kunata kwa makusudi ili waonekane meno yataozaje, na wengi meno yao yaliharibika kabisa, watu ambao hawakuulizwa na hawakuwa na uwezo wa kukataa. Baadaye ndo Waswidi wakashika desturi ya pipi za Jumamosi, watoto wanakula siku moja kwa wiki halafu inatosha. Ukitaka kufuata njia hiyo kwako ni rahisi, ila usiseme "pipi", sema "kitu cha sukari nje ya chakula", huyo mtoto wako hatapata tena pa kupenyea.

SWALI: Rafiki yangu katoka safari kaniletea pipi nyeusi, nikaweka mdomoni nikahisi nimeramba betri. Ni ya chumvi! Ananiapia kwamba huko Finland ndo pipi yao wanayoipenda. Kuna pipi ya chumvi jamani au kaninunulia kitu cha kusafishia sinki? (Nimetema)

JIBU: Hajakudanganya hata kidogo. Hiyo inaitwa salmiakki. Ndani kuna mzizi wa likorisi, ambao peke yake ni mtamu sana, halafu wanatia kloridi ya amonia, ambayo ni chumvi ila sio hii ya mezani. Hata mimi mara ya kwanza karibu niteme. Ukiiweka mdomoni kwanza hamna kitu, kama kipande cha mpira, halafu ulimi unaanza kuchonyota pembeni, harufu kali inapanda puani kama umefungua chupa ya dawa, mate yanajaa, na wakati unatafuta pa kutemea ndo utamu wa likorisi unakuja taratibu kutoka nyuma na unakaa muda mrefu. Nilikula ya pili ili nihakikishe. Ya tatu nilikula kwa kuipenda. Wafini, Waswidi, Wanorwe na Wadenmaki wanazila tangu utotoni, na Waholanzi wana zao zinaitwa drop, kuna tamu na kuna ya chumvi na kuna ya chumvi mara mbili. Sema likorisi ikizidi inapandisha presha, kwa hiyo mwenye shida ya presha asizigeuze chakula.

Na sio wao tu. Mexico watoto wanakula pipi ya ukwaju iliyotiwa pilipili na chumvi, ukiila inakuwa tamu, chachu, kali na ya chumvi vyote kwa mpigo, na kwao hiyo ni pipi ya kawaida kabisa ya mtoto. China kuna plamu kavu za chumvi ambazo zinakaa kwenye rafu moja na pipi. Japani neno okashi linabeba pipi, chokoleti, biskuti, na pia vile vikaki vya mchele vilivyopakwa sosi ya soya ambavyo havina utamu wowote, maana okashi ni kitu unachokula kujifurahisha nje ya mlo, sukari iwepo isiwepo. Tena zamani neno kashi lilikuwa linamaanisha matunda na njugu. Na wagashi zao, zile nzuri zinazochongwa kama ua au jani, nyingi zimetengenezwa kwa maharage mekundu ya azuki yaliyopondwa na sukari, zinaliwa kabla ya ile chai ya kijani chungu ili mdomo uwe tayari kuupokea uchungu. Maharage! Kwa watu wengine maharage ni mboga, kwa hawa ndo roho ya pipi.

Kwa hiyo ulivyoitema ile nyeusi ni kwa sababu akili yako ilikuwa imeshajiandaa kwa sukari. Ijaribu tena ukiwa hujaambiwa ni pipi.

SWALI: Samahani dada, halua ni pipi? Na mbona kila nchi nikikutana nayo ni kitu tofauti kabisa? (Mpenda halua)

JIBU: Halua ni jina lililosafiri kuliko chakula chenyewe. Kwa Kiarabu mzizi wa neno ni utamu tu, hulu ni tamu, halwa ni kitu kitamu, kwa hiyo kila lilipofika watu walilivisha kitu kitamu walichokuwa nacho. Oman ni ile ya wanga, samli, sukari, zafarani, iliki na maji ya waridi, inakorogwa kwenye sufuria kubwa mpaka mkono unakufa ganzi, inatoka laini inang'aa inateleza. India utaikuta ya semolina au ya karoti, inaliwa kwa kijiko ikiwa ya moto. Lebanon na Ugiriki na Uturuki ni ya ufuta uliosagwa, kavu, inavunjikavunjika kama udongo mkavu. Warusi wanatumia mbegu za alizeti. Na Waturuki wana helva nyingine ya semolina ambayo inapikwa nyumbani mtu akifariki, waombolezaji wanagawiwa, kwa hiyo huko harufu yake inawakumbusha watu msiba, na mimi siwezi kuiita hiyo pipi hata ukinilipa.

Hapo ndo naona tofauti kubwa, kuna vitamu vya mfukoni na kuna vitamu vya sahani. Pipi ni ya mfukoni, unampa mtoto anaondoka nayo. Halua ni ya sahani, inamhitaji mgeni na mtu wa kumkaribisha. Wahindi wamelitenganisha hilo vizuri sana, wana mithai, zile za maziwa na samli kama barfi, gulab jamun, rasgulla, ambazo zinapelekwa kwa watu kwenye sikukuu na harusi, halafu ile ndogo ya kwenye karatasi wanaiita toffee hata kama haina utofi wowote, na ukimpelekea bibi harusi toffee badala ya mithai umemvunjia heshima. Wagiriki wana matunda yaliyopikwa mazima kwenye shira mpaka yanang'aa, mgeni akifika analetewa moja tu kwenye kisahani, kijiko, na glasi ya maji baridi. Moja tu. Waturuki wao neno şeker ni sukari na ni pipi vilevile, na Idi baada ya Ramadhani wengi wanaiita sikukuu ya şeker kwa jinsi vitu vitamu vinavyogawiwa siku hiyo.

Mara nyingine kitamu cha nchi moja kinahamia nchi nyingine kinabadilika uraia. Mwaka 1569 padri Mreno Luís Fróis alimpelekea mtawala Oda Nobunaga wa Japani chupa ya kioo yenye confeito, vijipande vidogo vya sukari. Wajapani wakajifunza, jina likawa konpeito, na mpaka leo fundi anazungusha chembe ndogo kwenye sufuria kubwa la moto lililolala upande, anamwagia shira kidogo kidogo, siku baada ya siku, inaweza kufika wiki mbili, mpaka zinaota vipembe kama nyota. Leo ukisema konpeito mtu anafikiria Japani tu.

SWALI: Neno candy lenyewe asili yake nini? (Mwanafunzi wa lugha)

JIBU: Fupi na tamu. Kisanskriti khanda, yaani kipande kilichovunjwa, likaingia Kiajemi likawa qand, Kiarabu qandi, Kifaransa, halafu Kiingereza. Na sukari yetu tumeitoa kwa Kiarabu, sukkar, ambayo nayo kupitia Kiajemi inarudi Kisanskriti sharkara, changarawe. Kwa hiyo majina yote mawili yanazungumzia umbo, kipande na changarawe, wala hayataji utamu. Wairani wenyewe mpaka leo qand kwao ni kipande cha sukari ngumu, unakibana kwa meno halafu unakunywa chai isiyo na sukari inapita katikati yake. Je, huyo anakula pipi au anakunywa chai?

SWALI: Dada mi napika, nimejaribu kutengeneza pipi ngumu nyumbani mara tatu, kila mara inageuka chengachenga kama sukari niliyoanza nayo. Nakosea wapi, na je mpishi anatambuaje kwamba hii sasa ni pipi? (Mikono ya sukari)

JIBU: Swali hili nimelisubiri. Kwa mpishi pipi ni sukari iliyoyeyushwa kwenye maji halafu maji yakafukuzwa, mengine yote ni mapambo. Unavyozidi kuchemsha maji yanapungua, na joto la shira linapanda, na kila nyuzi ina pipi yake. Chukua bakuli la maji baridi uweke pembeni ya jiko. Shira ikifika nyuzi kama 115 za Selsiasi, dondosha tone kwenye hayo maji, litajikunja kuwa kidonge laini, ukilitoa kwa vidole linalegea na kulala. Hapo ndo pa zile laini za maziwa. Endelea. Karibu nyuzi 150, dondosha tena, safari hii tone linatoa kamlio kadogo ndani ya maji, tii, linakuwa uzi mgumu, na ukilipinda linavunjika kama kioo. Na ni kioo kweli, chembe za sukari zimepoa haraka bila kupata nafasi ya kujipanga, ndo maana pipi ngumu inapitisha mwanga. Maji yaliyobaki humo ni asilimia 1 au 2 hivi, bakteria hawana pa kuishi, ndo maana haiozi. Ila inavuta unyevu wa hewani, ndo maana pipi iliyosahaulika mfukoni inanatana na karatasi yake.

Yako inageuka chenga kwa sababu chembe moja tu ya sukari iliyobaki ukutani mwa sufuria ikidondokea kwenye shira inazivuta nyingine zote zijipange kama yeye. Ikishaanza kuchemka acha kukoroga, kabisa, pitisha brashi iliyolowa maji kwenye kuta za sufuria, na tia ndimu kidogo tangu mwanzo. Ile asidi inaivunja sukari sehemu iwe glukosi na fruktosi, na hizo zinaingia katikati zinavuruga foleni. Tena usijilaumu, kuna pipi laini za maziwa ambazo fundi anazikoroga kwa makusudi zikipoa ili zitoe chenga, sema ndogo mno ulimi usizione.

Halafu ujue kwamba sukari ileile bila kuongeza kitu ukiiyeyusha na kuirusha kupitia vitundu inakuwa pipi ya pamba. Hiyo mashine ilibuniwa mwaka 1897 na William Morrison pamoja na mtengeneza pipi John Wharton, na kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904 waliuza maboksi zaidi ya 68,000. Morrison alikuwa daktari wa meno. Wafaransa wanaiita ndevu za baba.

SWALI: Chingamu ni pipi? Na pipi ya kikohozi je? (Nauliza tu)

JIBU: Chingamu mi naitoa, kwa sababu haimezwi, kinachoingia mwilini ni sukari na ladha iliyokuwa ndani yake tu. Najua wengi watanipinga.

Ya kikohozi ndo ngumu, maana historia inasema pipi nyingi zimezaliwa kwa mwuza dawa. Ulaya ya zamani sukari ilikuwa kwenye rafu moja na mitishamba, na karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanachuoni mkubwa wa Kanisa Katoliki, alijadili kama viungo vilivyotiwa sukari vinavunja mfungo, akasema havivunji, kwa sababu mtu havili ili ashibe bali ili tumbo limeng'enye vizuri, ni kama dawa nyingine yoyote. Mashimelo nayo jina lake limetoka kwenye mmea ambao mizizi yake ilitumika kutuliza koo, leo mmea haumo, imebaki sukari na jelatini. Kwa hiyo angalia unavyoitumia. Ukimumunya kwa sababu koo linawasha ni dawa, ukifungua ya tano huku unaangalia mpira umeshahama.

SWALI: Hiyo jelatini uliyoitaja inatoka wapi? Mi sili nguruwe. (Msomaji)

JIBU: Inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe au ng'ombe, na zile pipi laini za kuvutika nyingi zinayo. Karatasi ikisema "jelatini" tu bila kutaja mnyama usibahatishe, tafuta alama ya halali au zilizogandishwa kwa pektini, ambayo ni ya matunda, au agari, ambayo ni ya mwani.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 10. Babu anasema muwa ndo pipi ya kwanza duniani. Nimemwambia muwa ni mti. Nani mkweli? (Mjukuu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Muwa sio mti, ni nyasi, nyasi kubwa sana, ukoo mmoja na mahindi na mpunga, hapo mmekosa alama wote wawili maana babu hakukusahihisha. Lakini kwenye pipi babu ana hoja nzito. Watu wa New Guinea walikuwa wanaupanda na kuutafuna maelfu ya miaka kabla hajatokea mtu wa kuchemsha maji yake yakaganda kuwa sukari, jambo ambalo lilifanyika India kama miaka 2,000 iliyopita. Ni kitamu, unakula kwa mkono, nje ya chakula, na haukushibishi. Vipimo vyangu vyote imepita isipokuwa kimoja, sio kidogo.

Ila usimwachie ushindi mapema. Asali nayo watu walikuwa wanaipakua kwenye mizinga ya porini tangu zamani za kale, kuna michoro ya kale sana kwenye mapango inayoonyesha mtu amening'inia kwenye kamba akitoa asali huku nyuki wamemzunguka. Mwulize babu kwa nini asali isiwe ya kwanza, halafu niandikie alichojibu.